Panya wa Halabi Aogaye Mchanga

Aliyekulia Lamu, au katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, hahitaji kuambiwa kwamba wako viumbe waogao bila ya maji. Punda akishatuliwa mzigo wake wa saruji au wa mawe ya kujengea, jambo la kwanza alitafutalo ni mahali penye mchanga mkavu. Hapo hujitupa chini, akagaagaa kwa mgongo miguu i juu, kisha husimama, akajikung'uta vumbi likatimka, akaenda zake. Kuku naye hujichimbia kishimo kivulini, akajifukia hata asionekane ila kichwa, na mabibi zetu walikuwa wakitia jivu katika kishimo kile ili utitiri umtoke. Haya sote tumeyaona tangu utotoni, na sidhani kama yuko mmoja wetu aliyewahi kumwogesha kuku kwa sabuni.

Lakini mtu akihama kwao, mengi ayajuayo huyaacha bandarini.

Mwezi wa Desemba mwaka 2022 nilikuwa London kwa mpwa wangu, aliyeolewa huko na mwenye watoto wawili. Dada yangu, mamake huyo mpwa, alikuwa ametangulia kwenda kumwuguza bintiye aliyejifungua. Nyumba ilikuwa ndogo, kama zilivyo nyumba nyingi za mji ule, na katika chumba alicholala dada yangu mlikuwa na tundu la kinyama ambacho mimi kwa macho yangu nilikiona panya mnene asiye na mkia. Kumbe si panya wetu. Huitwa hamsta, na ndiye aliyekuwa roho ya yule mtoto mkubwa wa mpwa wangu, mvulana wa miaka minane.

Dada yangu hakumpenda. Alisema kinanuka, alisema kinatapanya mkojo, na alisema yeye hawezi kutandika msala wake hatua mbili kutoka kwenye tundu la panya. Wala hakusema kwa ukali. Dada yangu si mtu wa ukali. Mtoto alimsikia, akanyamaza, na jioni ile akamchukua kinyama chake hadi chooni, akamwogesha kwa maji vuguvugu na sabuni ya nywele, akampangusa kwa taulo, akamrudisha tunduni. Kisha akaenda kumwambia bibi yake, "Bibi, sasa ni msafi. Waweza kusali."

Asubuhi kinyama kilikuwa kimejikunja pembeni kinatetemeka. Tulikipeleka kwa daktari wa wanyama, na baada ya siku mbili kikafa. Hapana aliyemgombeza mtoto. Alichokuwa akiuliza ni kimoja tu, tena alikiuliza kwa kila mtu mle nyumbani: kwani maji ni mabaya?

Swali hilo lafaa lijibiwe vyema, kwani si mtoto yule peke yake aliyekosea. Hamsta ni mnyama mdogo mno. Yule mkubwa afugwaye sana majumbani ana uzito wa gramu 100 hadi 150, yaani kiasi cha mayai mawili au matatu ya kuku. Kiwiliwili kama hicho hupoteza joto upesi, na kinga yake ni manyoya yaliyosimama makavu, yenye mafuta kidogo yatokayo mwilini. Maji na sabuni huyaondoa mafuta hayo, manyoya yakalala, na baridi ikapenya hata mifupani. Pamoja na hayo kuna hofu. Mnyama aliyeumbwa kuishi nchi kavu, chini ya ardhi, akitoswa ndani ya beseni hushtuka mshtuko mkubwa, na mshtuko peke yake waweza kumwua. Tena ana tezi za harufu, wengine mbavuni na wengine tumboni, na kwa harufu hiyo ndiyo huijua njia yake, kiota chake na mpaka wake. Ukiisafisha yote kwa mara moja, umemnyang'anya hata nyumba.

Basi huoga vipi? Huoga kama punda wa Lamu. Hutafuta mchanga mkavu, akalala ubavu, akajisugua, akajipindua, akakwaruza kwa mikono, kisha akaketi kujitengeneza manyoya. Mchanga hunyonya mafuta yaliyozidi na kuyatoa manyoya yaliyokufa, na papo hapo yeye huiacha harufu yake pale, kama mtu aandikaye jina lake mlangoni.

Asili ya mnyama huyu nayo ni kisa, na nimeona si haki kukipita, maana kinatoka katika mji ambao wasomaji wetu wanaujua kwa jina tangu vyuoni: Halabi, katika nchi ya Shamu. Mwaka 1839 mtaalamu wa Kiingereza George Waterhouse alipata ngozi ya mnyama aliyeletwa kutoka Halabi, akamwandika katika vitabu vya elimu ya wanyama. Baada ya hapo wataalamu wa Ulaya ni kama walimsahau, ingawa wakulima wa Halabi hawakumsahau hata siku moja, kwani alikuwa akiwaibia ngano. Mashavuni ana mifuko inayofika hadi mabegani, kama aliyonayo panya-buku wetu, na humo hushindilia nafaka akaenda kuzificha ghalani mwake. Wajerumani wana kitenzi kizima walichokitoa katika jina lake, chenye maana ya kulimbikiza chakula wakati wa shida.

Mwaka 1930 daktari mmoja wa Chuo Kikuu cha Kiebrania mjini Jerusalem, Saul Adler, alikuwa akichunguza kalazari, maradhi yaenezwayo na usubi, ambayo hata hapa Kenya yanawasumbua watu wa Baringo, Turkana na Wajir. Alihitaji mnyama mdogo wa kufanyia majaribio, na wale wa kutoka Uchina walikuwa hawapatikani kwa urahisi wala hawazai wakifungwa. Mwenzake Israel Aharoni, mtaalamu wa wanyama, akafunga safari hadi Halabi. Tarehe 12 Aprili mwaka huo, vibarua waliopatikana kwa msaada wa mkubwa wa kijiji walichimba katika shamba la ngano, wakaliharibu sehemu kubwa, hata wakamfikia mama na watoto wake kumi na mmoja.

Walipowatia ndani ya sanduku, yule mama alimkamata mtoto mmoja akamng'ata kichwa. Aharoni akamwua mama kwa sumu ili awaokoe waliobaki, na watoto wale, ambao hata macho hawajafungua, yeye na mkewe wakawalea kwa mkono. Wengine walitoroka, wengine wakauana. Mwishowe walibaki wachache sana, lakini hao wachache wakazaana, na katika mwaka mmoja wakawa kiasi cha 150. Mwaka 1931 Adler aliwachukua baadhi yao hadi Uingereza, inasemekana ndani ya mifuko ya koti. Karibu hamsta wote wa rangi ya dhahabu walioko leo majumbani mwa watoto wa Ulaya na Marekani ni kizazi cha mama yule mmoja aliyetolewa chini ya ngano ya Halabi. Na yule wa mwituni, mwenye nchi hasa, leo yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Mashamba ni yale yale, wakulima wangali wanamwona mwizi, na Halabi yenyewe ilipigwa na vita tangu mwaka 2012 na kutikiswa na zilzala mwezi wa Februari mwaka 2023.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea, nami nililikosea. Kwa kusikia kwamba mnyama huoga mchanga, mtu hudhani kwao ni jangwani. Sivyo. Uwanda wa Halabi ni udongo mzito wa kulimwa ngano, shayiri na jamii ya kunde. Watafiti waliokwenda huko mwaka 1997 na mwaka 1999 walikuta mashimo yake yana kina cha sentimita 65 kwa wastani, na lililozidi yote lilikuwa sentimita 106. (Aharoni aliandika kwamba alichimba futi nane. Huenda shimo lile lilikuwa la ajabu, au huenda ni hesabu ya mtu aliyechoka kusimama juani.) Tena kila shimo lilikuwa na mkubwa mmoja tu, hawa si wanyama wa kukaa wawili wawili, na anayewatia wawili katika tundu moja ataokota maiti.

Jangwa ni kwao yule mdogo wao, aitwaye Roborovski kwa jina la msafiri wa Kirusi. Huyo ni wa vilima vya mchanga vya Mongolia na kaskazini ya Uchina, ana gramu 20 hadi 25 tu, na mbio zake hazishikiki. Yeye mchanga si bafu tu, ni sakafu ya kwao. Afugaye huyu humtandikia mchanga sehemu kubwa ya tundu zima. Yule wa Halabi hutosheka na chombo kimoja, lakini akikikosa manyoya yake huanza kushikana kwa mafuta, hasa akizeeka.

Turudi London. Mimi niliondoka mwezi wa Januari, na mtoto alikuwa hajataka kusikia habari ya mnyama mwingine. Mwezi wa Machi mpwa wangu akanipigia simu akicheka. Wamepata hamsta wa pili, na aliyesema anunuliwe ni dada yangu. Si hayo tu. Dada yangu ndiye aliyeshika kazi ya mchanga.

Aliniambia mwenyewe jinsi alivyofika hapo. Siku moja mtoto alimwonyesha picha za hamsta wakigaagaa, naye akasema, "Ala! Kumbe ni kama kuku wa mama," akakumbuka ua wa nyumba yetu ya Kibokoni na kile kishimo chini ya mkungumanga kilichokuwa kikitukera kila tukifagia. Tangu hapo hakuhitaji mwalimu.

Alihitaji mchanga tu, na mchanga ndio uliomsumbua. Dukani waliuziwa mkebe ulioandikwa mchanga wa kuogea wanyama. Walipoumimina, vumbi likapanda kama mtu amekung'uta gunia la unga, na hamsta akaanza kupiga chafya na kutoka machozi. Dada yangu akautia kidole, akausugua, akasema, "Huu si mchanga, hii ni poda." Alisema kweli. Ile ni poda ya chinchila, mnyama wa milima ya Amerika ya Kusini, ambaye manyoya yake ni mazito mno hata mchanga haupenyi. Naye pia hupewa kwa dakika chache tu, kisha ikaondolewa. Hamsta hukaa na bafu lake usiku na mchana, hulichimba, hulala humo, na poda ile akiivuta kila siku humdhuru mapafu. Wengine huuza mchanga wa chokaa uliotiwa rangi nzuri, kama ule wa kuwekea mijusi. Huo nao haufai: ukipata unyevu hugandamana, na hamsta hutia mashavuni kila akionacho. Wala usitiwe manukato yoyote. Ufaao ni mchanga wa kawaida, laini lakini wenye punje ziwezazo kuhesabika kwa jicho, usio na vumbi. Wao waliupata ule wauziwao watoto wa kuchezea.

Hata huo dada yangu hakuutumia hivi hivi. Aliuosha katika ndoo kama aoshavyo mchele, akimwaga maji ya tope na kutia mengine hata yakatoka meupe. Akauanika juu ya shuka. Jua la London la mwezi wa Machi likamshinda, akautandaza katika sinia na kuutia ndani ya oveni nusu saa, kwa moto wa kuokea mkate, ili ukauke na kila mdudu afe. Ulipopoa akauchekecha.

Chombo alichokitafuta ni bakuli la kigae, la kuokea chakula, urefu wake sentimita 30 na upana 20, mtoto asije akaambiwa mnyama wake hana nafasi ya kupinduka. Plastiki hutafunwa. Kwa yule mdogo wa jangwani hata nusu yake yatosha kuanzia, ingawa kikubwa ni bora. Mchanga hutiwa kina cha sentimita tatu hadi tano. Na hapa naomba msomaji asikilize, kwani ni jambo la hatari: chombo kizito kisiwekwe juu ya matandiko tu. Hamsta huchimba chini yake, na kikishuka humbana akafa humo bila mtu kujua. Kikalishwe juu ya kijukwaa cha mbao chenye miguu inayofika sakafuni.

Matandiko yenyewe, yaani karatasi laini au maranda yasiyo na vumbi, yawe mengi. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, walitoa matokeo ya kuwalinganisha hamsta waliopewa maranda ya kina cha sentimita 10, 40 na 80. Wale wa sentimita 10 ndio waliotafuna vyuma vya tundu zaidi. Wale wa 80 walijichimbia nyumba wakatulia. Na vyama vya madaktari wa wanyama wa Ujerumani husema tundu lisipungue mita moja kwa nusu mita. Nikilikumbuka lile tundu la kwanza, lililokuwa na ukubwa wa sanduku la viatu, naona haya kwamba nilipita mbele yake kila siku nisiseme kitu.

Faida moja hawakuitarajia. Hamsta aghalabu hulifanya bafu lake kuwa choo pia, hukojoa katika pembe moja ile ile. Mtu angedhani ni uchafu, kumbe ndiyo nafuu yenyewe. Mkojo ukishakuwa mahali pamoja, maranda hubaki makavu, na ile harufu iliyoanzisha msiba wote haipo. Kila asubuhi mtoto huokota madonge kwa kijiko, akachekecha mabaki, na kila baada ya wiki moja au mbili mchanga wote hubadilishwa au kuoshwa na kuokwa upya. Tundu limehamishiwa sebuleni, na dada yangu akatandika msala wake chumbani akiwa na moyo mweupe. Masuala ya sheria juu ya kuwafuga wanyama wa namna hii nawaachia masheikh wetu, ndio wenyewe.

Siku ya kwanza kinyama kilipojitupa katika bakuli, mtoto alipiga kelele, "Bibi, njoo uone, anatayamamu!" Dada yangu alicheka hata akakaa chini, kisha akamweka magotini akamfundisha tayamamu ni kitu gani, nia yake na namna ya kuipiga mikono, na kwamba mnyama hana ibada hiyo bali ana maumbile aliyopewa. Nadhani mtoto hatalisahau somo lile.

Je, nasi huku? Najua wako watu wa pwani ambao watoto wao wamekwisha kuwaona wanyama hawa na wanawataka. Ushauri wangu ni mzito kidogo: joto letu si rafiki yao. Hustarehe penye nyuzi 18 hadi 24, na zikipita 30 huwa hatarini. Nasi twajua Mombasa ya mwezi wa Februari na Machi ilivyo. Hamsta aliyelala chali, anahema, mate yanamtoka, amepatwa na joto, naye hapo pia hatiwi majini, bali huhamishiwa penye ubaridi taratibu.

Lakini kwa yule ambaye tayari anaye, asichote mchanga wa ufukweni akadhani ameokoa pesa. Mchanga wetu mweupe una vipande vingi vya matumbawe na magamba ya kombe vilivyosagika, vingine vina ncha, na wote umelowa chumvi, ambayo hukausha ngozi na kuvuta unyevu. Mchanga wa ujenzi uliomwagwa barabarani nao, kila mmoja wetu anajua ni choo cha paka wa mtaa mzima. Bora ni mchanga wa mto, uoshwe mara nyingi, uchekechwe mara mbili, vumbi na kokoto vyote vitolewe, kisha uokwe. Bakuli la kigae lilowekwa kivulini huwa na ubaridi, na mnyama hulala humo mchana kwa furaha.

Dada yangu amekwisha rudi Mombasa. Hamsta wa pili ametimiza miaka miwili na ushei, ambayo kwa umri wao ni uzee, manyoya yamepungua mgongoni na haendi tena mbio usiku. Ijumaa baada ya swala ndiyo siku yao ya kupigiana simu. Mtoto humwamkia bibi yake, naye bibi, kabla ya kuuliza habari za shule au za mama, huanza na lile lile: "Mchanga umeuchekecha?"